Kuonja Si Kula

Jumatatu, 3 Machi

Kumi na nane nukta nne! Na hata maji hayajapita kooni.

Daftari hili kanipa Sista wa kliniki. Niandike namba ya kila asubuhi, na kila kinachoingia mdomoni. Haya, namba zake namwandikia mbele. Huku nyuma nimeligeuza juu chini, naandika yangu, na yangu hasomi mtu. Maana na mimi nina ya kusema, na nikiyasema kwa sauti naambiwa nina hasira, na hasira eti zinapandisha sukari. Khaa!

La kwanza: mimi sukari sili. Sili! Mwezi wa tano huu. Chai nainywa kavu. Soda nimeshaisahau. Mkate wa bekari siugusi, na nipo hapo mwaka wa ishirini na sita napamba keki. Majani nakula mpaka nimeanza kuwaonea huruma mbuzi. Halafu kimashine kinanitolea kumi na nane, kama vile nimelala na mdomo ndani ya gunia la sukari.

La pili: siku hizi kila mtu ni daktari. Mume wangu, Mzee, tangu astaafu kazi yake ni kusoma simu. Leo kanichemshia majani machungu mpaka masikio yameziba. Wiki iliyopita ilikuwa mdalasini. Kabla ya hapo nitembee kinyumenyume. Kinyumenyume! Nikamwambia atangulie yeye nione.

Ndiyo maana nyumbani sipimi. Nikipima nyumbani anakuja kunichungulia begani kama anasubiri matokeo ya mtihani. Napimia kazini, alfajiri, nikishavaa aproni yangu, kwenye meza yangu ya krimu. Hapo hakuna wa kunikodolea macho.

Jumanne, 4 Machi

Kumi na saba nukta tisa.

Niandike vizuri nilichokubali, nisije nikajigeuka mwenyewe. Vidonge nimepandishiwa mpaka mwisho. Kinachofuata, kasema Sista, ni sindano ya insulini. Kila siku. Ya kujidunga mwenyewe, tumboni. Nikamwambia thubutu!

Sindano mimi naijua. Dada yangu, wa kwanza kwetu, aliandikiwa hiyohiyo. Kutoka siku aliyoandikiwa mpaka siku tuliyomzika ni miezi minne. Katikati wakamkata mguu. Asije mtu akaniambia sindano ni dawa. Sindano ndiyo iliyommaliza dada yangu, na sasa wananitaka mimi.

Nimeomba mwezi. Sista kaguna, kaenda kumwuliza daktari, karudi. Tarehe thelathini na moja. Namba za asubuhi zikiwa chini ya nane, tutazungumza. Zisipokuwa, sindano. Na nikipata kiu ya ajabu au kutapika nisingoje tarehe, nije hata kwa kutambaa.

Chini ya nane. Haya. Tutaonana.

Alhamisi, 6 Machi

Ngoja niandike taratibu.

Leo nimepima mchana, kazini, ili nikamwonyeshe Mzee kwamba majani yake hayana maana. Ishirini na saba nukta tatu! Nikashika meza. Nikaona kabisa jeneza la dada.

Jivu akaniona. Jivu ndiye mshika tanuri, tulianza kazi mwaka mmoja. Jina kalipata kwa nyusi zake, zimejaa unga tangu ujana. Kaja na koleo lake mkononi, katazama kimashine, katazama mkono wangu. Kasema, Mama Krimu, hicho kidole si ndicho ulichokuwa unanyunyizia sukari ya unga sasa hivi?

Nikakitazama kidole.

Nikaenda kwenye bomba. Sabuni. Maji ya moto. Nikakausha mpaka katikati ya vidole, nikatoboa kidole kingine. Kumi na tatu nukta nane.

Nimekaa juu ya gunia la unga nikacheka mpaka machozi. Miezi mitano! Miezi mitano nasingiziwa na kidole changu mwenyewe! Aproni ina sukari, meza ina sukari, kucha zina sukari, mimi napima keki nadhani napima damu! Na wote wananitazama kama mwizi. Kumbe mimi sina kosa. Nilisema. Nilisema tangu mwanzo!

Ijumaa, 7 Machi

Kumi na tatu nukta sita, mikono imenawiwa. Mzee nimemweleza yote. Kasema kumi na tatu bado ni juu. Huyu mwanamume hajui kufurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Kliniki, bila miadi. Nimekwenda na sukari ya unga kwenye karatasi kama ushahidi. Nikamwonyesha Sista: pima kidole hiki, haya, sasa nanawa, pima tena. Kacheka kweli, kamwita mwenzake aje aone. Kasema atawaambia wote wanaofanya kazi za jikoni. Nikajiona profesa.

Halafu, huku bado anacheka, kanifunga mpira mkononi. Kile kipimo cha miezi mitatu, walichoshindwa kunipima mara iliyopita kwa sababu mashine ya maabara ilikuwa mbovu. Kavuta chupa nzima. Majibu Alhamisi.

Sijapenda alivyoacha kucheka wakati anavuta.

Alhamisi, 13 Machi

Asilimia kumi nukta sita. Inatakiwa saba.

Nikamwambia rudieni. Kasema, Mama, mshipa haujashika keki. Hiyo damu imetoka ndani, inaeleza miezi mitatu yote, hainawi mikono wala haidanganyi.

Mtoto wa juzi! Angeweza kuwa binti yangu. Na heshima anayo, hilo ndilo linaloniudhi zaidi, asingekuwa nayo ningejua pa kumshika.

Kaniuliza kazini ninaonja? Ebo! Mpamba keki asiyeonja atajuaje alichokoroga? Sisi hatuna karatasi ya vipimo. Nakoroga, nachovya kidole, naonja, naongeza. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo watu wanavyotoka mitaa mingine kuja kununua. Ni ncha ya kidole tu, Sista, nikamwambia, na kuonja si kula.

Hakubishana. Kaandika kitu kwenye faili. Siwapendi watu wanaoandika badala ya kubishana.

Ijumaa, 14 Machi

Kumi na tatu kamili. Nimemsimulia Jivu dharau niliyofanyiwa. Kaitikia "ehe, ehe, kweli" kila mahali. Si kawaida yake.

Jumamosi, 15 Machi

Sitaki kumwona Jivu mpaka kiyama.

Wakati wa kufunga kaniletea kopo la hamira, tupu, limefunikwa. Nikadhani kaniletea zawadi. Nikalitikisa, likalia. Ndani maharage makavu.

Kasema kayahesabu, arobaini na matatu. Kila nilipotia kidole mdomoni leo, yeye kule kwenye tanuri kadondosha harage moja. Kuanzia alfajiri mpaka jioni. Na huenda mengine yamempita, maana alikuwa na mikate ndani.

Nikamwita mpelelezi. Nikamwita mbea. Nikamwita mtu mzima ovyo, na kwamba angehesabu mikate anayoiunguza ingemfaa zaidi. Yeye kavua aproni yake taratibu, kaitundika. Kasema, mkono mtupu haulambwi, Mama Krimu, na wako sijawahi kuuona mtupu. Kaondoka.

Arobaini na matatu. Mwongo! Labda kumi. Kumi na tano siku ya keki nyingi.

Kopo nimekuja nalo nyumbani, sijui kwa nini.

Jumapili, 16 Machi

Bekari imefungwa leo. Nimepima chooni, mlango nimefunga, Mzee asinichungulie. Kumi na mbili nukta moja.

Mbona siku ya mapumziko inashuka? Sitaki kuwaza.

Jumatatu, 17 Machi

Nimewaza.

Leo nimechukua kikombe kidogo cha chai, nikakipima kitupu, nikakiweka chini ya meza yangu asione mtu. Kila nilipotaka kuonja, nikachovya kidole kama kawaida, halafu badala ya mdomoni nikakifuta ukingoni mwa kikombe. Krimu nyeupe, krimu ya chokoleti, ya limau. Ya maua. Ya maandishi. Kurekebisha, kuangalia, kuangalia tena. Mara tano nilisahau nikalamba, hizo hazimo.

Jioni nikakiweka kwenye mizani. Gramu mia moja sitini na nane.

Kikombe kimejaa! Na zaidi ya nusu yake ni sukari, nani ajue kama si mimi ninayeikoroga? Mtu akiniwekea kikombe kile mezani na kijiko, aseme Mama Krimu karibu, ningemfukuza na fagio. Ningesema anataka kuniua. Kumbe nimekuwa nikikila siku sita kwa juma, na jioni naenda nyumbani nampigia Mzee kelele kwa kijiko kimoja anachotia kwenye chai yake mwenyewe.

Nimeona aibu. Na baada ya aibu hasira, maana aibu siiwezi. Miezi mitano nimekula majani! Na wale wote walioniuliza "umekula nini, umekula nini", hakuna aliyeuliza hilo swali vizuri ila Sista, na Sista nilimjibu utumbo.

Krimu ya kikombe nimemwaga. Jivu sijamwambia. Akijua atakuwa hashikiki.

Jumatano, 19 Machi

Wanasema mwonja asali haonji mara moja. Wanaosema hawajui! Haonji mara arobaini!

Jana nimevaa glavu. Nimelamba glavu. Plastiki na vanila, mbaya kuliko majani ya Mzee. Leo nimevaa barakoa, nimeibana na nywele. Saa nne asubuhi barakoa imejaa krimu mahali pa mdomo. Mkono wenyewe! Mimi nafikiria mambo mengine, mkono unapanda. Kumbe kwa miaka ishirini na sita nimefuga mnyama kwenye bega langu.

Jivu kaiona barakoa. Kageuka ukutani, mabega yanatikisika. Nikamwambia cheka, cheka tu, mwanaharamu mkubwa we. Tukacheka wote. Basi tumepatana.

Kumi na mbili nukta nne. Chini ya nane ni mbali kweli.

Ijumaa, 21 Machi

Siku mbaya.

Keki ya mwalimu mkuu anayestaafu, ya watu themanini. Sikuonja hata tone. Mikono mgongoni kama askari. Nikaipamba vizuri, ua kwa ua, vitabu vitatu vya krimu juu yake, kila mtu kasema haijawahi kutokea keki kama ile.

Imerudi saa tisa. Imekatwa vipande kumi, iliyobaki imerudi. Siagi ya chumvi! Karatasi za siagi ya chumvi na isiyo na chumvi zina rangi moja, na mimi karatasi sijawahi kusoma, nasoma kwa ulimi. Ulimi nimeufunga.

Bosi wetu kaniita mbele za watu. Kaniuliza kama nimechoka. Nimechoka! Yeye alikuja bekarini kwa mama yake akiwa na meno ya utoto, mimi nikiwa nimeshika mfuko wa krimu. Nikamjibu sijachoka, naumwa kisukari, krimu inaniua, sionji tena. Sikupanga kusema. Lilitoka.

Hata mashine ya kukorogea mtu aliizima. Bosi kasema pole sana, mama, sikujua. Halafu, kwa upole, kauliza, sasa nani ataonja?

Nililia stoo, kati ya magunia, dakika tano. Si kwa sababu ya sindano. Kwa sababu ya ulimi wangu.

Jumamosi, 22 Machi

Tumemjaribu Jivu. Bure kabisa. Ulimi wake umeunguzwa na mikate ya moto tangu ujana, kwake kila kitu "safi". Krimu ya limau safi. Krimu isiyotiwa sukari safi. Nikampa hamira na maji. Kafikiri. Kasema safi, ila iongezwe kidogo.

Basi nimefanya nisilowahi kufanya. Nimekoroga krimu yangu mara ya mwisho kwa ulimi, vijiko vidogo vinne vya kuonja, nimeviandika mbele kwenye ukurasa wa Sista, sijaficha. Na kila nilichotia nimekiweka kwanza kwenye mizani. Siagi kiasi hiki, sukari kiasi hiki, maziwa, vanila, chembe ya chumvi. Nimeandika kwa kalamu ya wino mzito, nimebandika ukutani juu ya meza.

Siri yangu yote ipo ukutani. Anayetaka asome. Imeniuma kuliko kutobolewa.

Jumatano, 26 Machi

Kumi na moja nukta mbili! Mikono imenawiwa!

Mzee kapiga kofi kwenye paja. Unaona? Majani hayo! Nikamwambia majani yako nayamwaga kwenye kopo la maua tangu juma lililopita, nenda ukaangalie. Kaenda. Ua limenyauka. Hajaniletea majani mengine.

Jumapili, 30 Machi

Kumi nukta tatu.

Sijaonja siku nane. Natembea kila jioni, mbele, si kinyumenyume. Vidonge sijaruka hata kimoja. Kesho ndiyo tarehe. Si nane, najua si nane. Lakini mtu mwenye macho ataona nilikotoka.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika kwa kubonyeza, karatasi itatoboka.

Sista kalisoma daftari mbele mpaka mwisho. Kila ukurasa. Kikombe nimemwambia, maharage nimemwambia. Macho yake yamejaa maji, akanishika mkono, akasema, Mama, sijawahi kumwona mgonjwa aliyejitahidi hivi. Nikajua hapohapo. Ukisifiwa hivyo hospitalini, ujue kuna jambo.

Sindano.

Nikasimama. Nikamwambia nimeacha krimu! Nimeacha ulimi wangu, nimejiaibisha mbele ya bekari nzima, nimebandika siri yangu ukutani, na bado? Mlisema nikiacha itashuka! Imeshuka! Kutoka kumi na tatu mpaka kumi!

Kasema ndiyo, na hiyo ni kazi yako wewe. Iliyobaki si yako. Kongosho lako limechoka, mama. Limefanya kazi ya watu wawili kwa miaka mingi, kabla hata hujajua unaumwa. Vidonge vinalisukuma, haliendi. Unaliletea msaidizi, basi. Si adhabu. Hujakosa kitu.

Hujakosa kitu! Sasa ndiyo nikachemka. Miezi mitano nyumba nzima na kliniki nzima wananiuliza umekula nini, kama mtoto aliyekutwa na makombo mdomoni, halafu leo naambiwa hata ningekula hewa lingechoka tu! Si wangesema mapema? Mtu anabeba lawama kichwani, halafu anaambiwa tua, haukuwa mzigo wako. Na shingo je?

Nikamwambia kuhusu dada. Kasikiliza. Kauliza, alidungwa kwa muda gani? Nikasema miezi minne mpaka kifo. Kasema pole. Kama ana la kuongeza, hakuongeza.

Kanifundisha. Ni kama kalamu, sindano yake fupi kuliko ukucha. Kila asubuhi saa ileile. Nikajifanya naelewa ili niondoke. Kisanduku nimepewa.

Jumanne, 1 Aprili

Ipo kwenye friji. Karatasi inasema kwenye friji, isigande. Basi ipo. Sijasema sitadunga. Nimesema si leo.

Kumi nukta nne.

Alhamisi, 3 Aprili

Kumi nukta sita. Mzee kauliza nimeanza? Nikasema ndiyo.

Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijui mara ngapi nimemdanganya kwa neno moja tu. Kaniamini. Kaenda kumwagilia ua lake.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimetoka kwa Shemeji, mume wa marehemu dada. Nilimpelekea mikate. Anakaa peke yake sasa, nyumba safi mno, viti vimepangwa kama vya ofisini.

Kaniona miguu nikiivuta, kauliza. Nikamwambia wameniandikia sindano. Nikasema, ileile iliyomuua dada.

Kaweka kikombe chini. Kasema, nani kakuambia ilimuua?

Nikasema kila mtu anajua. Aliandikiwa, na miezi minne baadaye tukamzika.

Shemeji kaifuta meza kwa kiganja, mara mbili. Halafu kasema alikuwa hajamwambia mtu, kwa sababu ya heshima yake. Baada ya mazishi alisafisha friji. Akakuta kisanduku. Viwili, cha kwanza na kile alichokwenda kuongezewa. Gundi ya mfuniko haijabanduliwa. Hata kimoja, shemeji, kaniambia. Kila asubuhi aliingia chooni, akafunga mlango, akatoka akasema tayari. Mimi nikawa nasema hongera.

Analia mzee wa watu.

Nikauliza kitu cha kijinga. Nikauliza vilikuwa wapi kwenye friji, mbona hukuviona?

Kasema, nyuma ya mayai.

Nimerudi kwa miguu njia nzima. Sikuona barabara.

Mama yetu alikuwa anaficha kila kitu nyuma ya mayai. Kwetu mtoto akigusa trei ya mayai alichapwa, basi sukari guru, dawa, barua za baba, pete yake, vyote nyuma ya mayai, na hakuna mtoto aliyethubutu. Tulijua sisi wawili tu, mimi na dada. Tulikuwa tunacheka.

Nimefungua friji yetu bila kuvua viatu. Sikuhitaji kufungua. Najua nilikokiweka.

Nina hasira, dada! Nina hasira na wewe kuliko nilivyowahi kuwa na hasira na mtu! Miaka mitatu nailaani dawa ambayo hukuigusa. Nimewaambia watu kumi au zaidi, kaeni mbali na sindano, ilimmaliza dada yangu. Sijui wangapi wamenisikia. Ulidhani unamficha nani? Sikio la kufa halisikii dawa, sawa, lakini lako lilikuwa zima. Ulisikia. Ulisema tayari.

Kama mimi Alhamisi.

Jumapili, 6 Aprili

Saa moja kasoro ishirini asubuhi. Kumi nukta sita. Mikono nimenawa mara mbili.

Nimekitoa nyuma ya mayai. Nimebandua gundi, imetoka na kipande cha karatasi. Kalamu ipo mezani, jikoni, mlango wazi. Karatasi inasema iache nje ipoe ubaridi wa friji, kama nusu saa, ndipo haiumi. Basi naisubiri, na wakati naisubiri naandika, maana nikiacha kuandika nitaondoka hapa kitini.

Mzee kaingia kutafuta chai. Kaona kisanduku. Kaona mfuniko ndio kwanza umefunguliwa, yeye si mjinga, kasoma simu miezi mitano. Nikasubiri aanze. Hakuanza. Kavuta kiti, kakaa ng'ambo ya meza.

Nikamwambia nilikudanganya Alhamisi.

Kasema, najua. Mayai niliyapika mimi Ijumaa.

Alijua! Siku mbili kakaa kimya, mtu asiyejua kunyamaza! Nikamuuliza kwa nini hukusema. Kasema aliogopa nitahamisha mahali pa kuficha.

Dakika nane zimebaki. Sista kasema nibane nyama ya tumbo, nihesabu mpaka kumi. Nyama ipo, hilo halina taabu. Mkono wa kulia ni uleule wa krimu. Umezoea kupanda mdomoni, leo ushuke.

Mzee ananitazama. Nimemwambia atazame saa, asinitazame mimi, na asithubutu kusema hongera.

Dakika tatu. Saa imefika. Nimevua kifuniko cha sindano, daftari naliweka chini nidunge —